Nzige wa Rukwa na Hisabu ya Kesho

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa katika nchi yetu. Mjini Rujewa, wilaya ya Mbarali, watu walikusanyika kutoka pande nyingi wakauona mwezi umeingia katikati ya jua na kuacha pete ya nuru pembezoni. Huku kwetu Mpui, na Ufipa nzima, jua lilifunikwa sehemu kubwa. Hapakuwa na aliyeshitukizwa isipokuwa yule asiyesikiliza redio, kwani siku, saa na hata njia ya kivuli juu ya ardhi vilikuwa vimekwisha kuandikwa miaka mingi kabla. Lakini mwezi huo huo mkulima aliyeuliza mvua za msimu zitaanza siku gani, na kama zitatosha mahindi na maharage yake, hakupata wa kumjibu kwa tarehe wala kwa saa.

Ndugu msomaji, jambo hili lataka kutazamwa vizuri. Jua na mwezi huenda kwa kanuni. Mawingu nayo huenda kwa kanuni, kwani joto, upepo na mvuke havifanyi kazi ovyo. Basi kwa nini la kwanza lihesabike na la pili litushinde? Jibu la watu wengi ni kuwa kanuni za mvua hazijajulikana zote, na siku zitakapojulikana, mvua itatabiriwa kama kupatwa kwa jua. Jibu hilo lilikuwa pia la wataalamu wakubwa wa Ulaya kwa muda mrefu. Historia imelikataa, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa karibu na mlango wetu, chini ya genge la Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Rukwa.

Tuanze na hisabu iliyofaulu. Mabingwa wa falaki wa zamani waliamini, kwa kumfuata Ptolemy, kwamba mwezi unapolipata jua lote hauwezi kuacha pete. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, alipima kwa miaka mingi akaona kuwa ukubwa wa jua machoni petu hubadilika kidogo katika mwaka, na kwa hiyo kupatwa kwa pete kunawezekana. Pete ile ya Rujewa ni ushahidi wake baada ya zaidi ya miaka elfu moja. Ulugh Beg wa Samarkand alikamilisha jedwali lake la nyota mwaka 1437. Newton akaandika kanuni za mvutano mwaka 1687. Na mwaka 1814 Laplace wa Ufaransa alifikia kusema kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila kitu na nguvu zote zinazokisukuma, ingeiona kesho waziwazi kama jana. Hapo ndipo watu walipochanganya mambo mawili: kuijua kanuni, na kuijua kesho.

Sasa tushuke bondeni. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji huingia, na njia yake ya kutokea ni jua na upepo tu. Tena ni ziwa la kina kidogo, kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi hulifanya lifunike nyika kubwa, na miaka michache ya ukame huacha tambarare za nyasi pale palipokuwa na samaki. Joseph Thomson aliyelifikia mwaka 1880 aliliita Ziwa Leopold, jina ambalo halikudumu. Wala ukubwa aliouona yeye haukudumu. Katika tambarare hizo zinazojitokeza na kuzama ndimo wakaamo nzige wekundu.

Wazee wetu wa Ufipa waliutambua mwaka kwa nzige kama wengine wautambuavyo kwa vita. Balaa kubwa la mwisho la nzige wekundu lilianza karibu na mwaka 1930 na halikwisha hadi 1944. Makundi yalitoka katika bonde letu la Rukwa na katika mabwawa ya Mweru wa Ntipa, upande ambao leo ni Zambia, yakaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta. Nzige hawa hupenda jamii ya nyasi, yaani ulezi, mtama, mahindi na mpunga. Muhogo hujificha mizizi yake ardhini, na ndiyo maana katika miaka ile serikali ya kikoloni ilishikilia watu walime muhogo hata mahali ambapo hawakuupenda.

Swali la wakati ule lilikuwa: nzige hawa hutoka wapi, na kwa nini miaka mingine hawaonekani kabisa? Boris Uvarov alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1921 kwamba nzige akaaye peke yake na nzige aendaye kwa makundi aweza kuwa mdudu mmoja. Wakizidi kusongamana hubadilika rangi, umbo na tabia. Basi ilidhaniwa kuwa ukizijua tambarare wanazosongamania, ukaijua mvua na idadi yao, utajua mwaka wa balaa kabla haujafika. Mwaka 1949 iliundwa idara ya kimataifa ya kuzuia nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Watu wake walishuka Rukwa mwaka baada ya mwaka kuhesabu. Mwaka 1959 mtaalamu wao Peter Symmons alichapisha utafiti juu ya athari za hali ya hewa kwa idadi ya nzige wa bonde hili. Haikuwa kazi ndogo. Nzige mwekundu huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka: hutaga mvua zinapoanza, tunutu hutoka na kukua katika masika, na mwisho wa mvua huwa wameota mbawa. Mvua ikikosekana mayai hukosa unyevu. Ikizidi, ziwa humeza mahali pa kutagia. Hapo utaona ugumu: kitu kimoja huwafaa na huwadhuru, kwa kadiri tu.

Idara ile, pamoja na hisabu zake zote, haikukaa kungoja utabiri. Iliweka watu wa kwenda kutazama. Jambo hilo tutalirudia.

Kabla ya hapo, na tuone kisa kingine cha maziwa yetu, kwani kinaonyesha namna ya pili ya kukosea. Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza wa hali ya hewa, C. E. P. Brooks, alitangaza kuwa maji ya Ziwa Victoria hupanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, yale madoa meusi ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa yapata miaka 11. Alikuwa na vipimo vya tangu karibu na mwaka 1896 hadi 1922, na kweli mistari miwili ile ilikwenda sambamba kama ng'ombe wawili katika nira. Watu walifurahi, kwani mizunguko ya madoa hukadirika, na ziwa nalo lingekadirika. Haikupita miaka mingi sambamba ile ikavunjika. Kisha zikaja mvua za mwaka 1961, na ziwa likapanda kiasi cha mita 2 na nusu hadi Mei 1964, likazamisha magati na mashamba ya pwani zake. Na mwaka 1964 ndio ambao madoa ya jua yalikuwa machache kabisa katika mzunguko wake, yaani kinyume kabisa cha kile ambacho mistari ya Brooks ingemfanya mtu atarajie. Mei 2020 ziwa lilifikia tena kiwango kama kile. Brooks hakudanganya, vipimo vyake vilikuwa vya kweli. Lakini miaka 26 ni muda mdogo wa kumshuhudia jitu kama Ziwa Victoria.

Tena kuna neno zaidi ya uchache wa vipimo. Mwaka 1889 Mfalme Oscar wa Pili wa Uswidi alitoa tuzo ya hisabu, na Henri Poincaré wa Ufaransa akaipata kwa kazi yake juu ya mwendo wa vitu vitatu vinavyovutana angani. Kitabu kilipokuwa kimekwisha kupigwa chapa, yeye mwenyewe aligundua kosa kubwa ndani yake. Akalipia gharama za kuchapisha upya, ambazo zilizidi tuzo aliyopewa, na kazi iliyotoka mwaka 1890 ilikuwa na jambo geni: vitu vitatu tu, vinavyofuata kanuni ya Newton bila ya kukosea hata hatua moja, vyaweza kwenda mwendo uliotatanika hata usichoreke. Elimu nyingi zingelipotea kama angelinyamaza.

Miaka 70 baadaye, mwaka 1961, Edward Lorenz wa Marekani alikuwa akiendesha hali ya hewa ya kubuni ndani ya kompyuta. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya kazi, akaandika namba 0.506 mahali pa 0.506127, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi aliona hewa yake ya kubuni imekwenda njia nyingine kabisa, ingawa kanuni zilikuwa zile zile. Alilichapisha jambo hilo mwaka 1963. Watu wengi leo humsingizia kuwa alisema kipepeo akipiga mabawa huleta tufani. Kwa hakika katika hotuba ya mwaka 1972 aliuliza hivyo kwa njia ya swali tu, na maana yake ilikuwa kwamba kosa dogo mno katika kupima mwanzo hukua na kukua mpaka likaufunika ukweli.

Nami, kwa kuwa ni mwalimu, sipendi msomaji aniamini tu. Achukue karatasi. Tuseme tambarare moja yaweza kubeba nzige sehemu 1000, isizidi. Idadi ya mwaka ujao itokane na mambo mawili: nzige waliopo, na nafasi iliyobaki. Kanuni yetu ni hii: zidisha waliopo kwa nafasi iliyobaki, zidisha kwa 4, kisha gawa kwa 1000. Ukianza na 300, nafasi iliyobaki ni 700. 300 mara 700 ni 210,000. Mara 4 ni 840,000. Gawa kwa 1000, upate 840. Hao ndio nzige wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili: 840 mara 160, mara 4, gawa kwa 1000, upate 537.6. Endelea hivyo, na usikate vipande vya desimali.

Kisha mwambie mwenzako aanze na 301 badala ya 300, kana kwamba mhesabu nzige alikosea mmoja katika mia tatu. Mwaka wa tatu wewe utakuwa na 994 na yeye 996. Mtacheka kuwa kosa halina maana. Mwaka wa nne wewe 22, yeye 18. Mwaka wa sita wewe 321, yeye 258. Mwaka wa nane wewe 448, yeye 719. Na mwaka wa kumi wewe utakuwa na nzige 43, karibu hakuna, na yeye 620, ambalo ni balaa. Kanuni ni moja, haina bahati nasibu ndani yake, mtoto wa darasa la tano aweza kuihesabu. Kosa la mmoja katika 300 limemeza kila kitu katika miaka kumi. Wala usidhani kila kanuni iko hivi: weka 2 mahali pa 4, na 300 na 301 zote zitafika 500 kabla ya mwaka wa tano na kutulia hapo daima.

Hisabu ya namna hii ilielezwa kwa upana na Robert May mwaka 1976, mtu aliyetoka katika fizikia akaingia katika kuchunguza ongezeko la viumbe, khasa wale wazaao kizazi kimoja kwa mwaka, kama nzige wetu. Aliwasihi walimu waifundishe mapema kwa wanafunzi, na mimi namuunga mkono. Nzige wa kweli wana mvua, moto wa nyika, ndege na ugonjwa. Kanuni yangu ya 4 ni mchezo wa karatasini. Lakini kama mchezo mwepesi hivi hautabiriki kwa miaka kumi, mwenye kudai kwamba bonde zima la Rukwa litatabirika kwa sababu tu amekusanya vipimo zaidi ana deni la kutueleza vipi. Wazungu waliliita jambo hili kwa neno lenye maana ya machafuko. Jina hilo halitoshi, kwani machafuko haya yana adabu: yamo ndani ya kanuni.

Hata falaki haikusalimika. Mwaka 1989 Jacques Laskar wa Ufaransa alionyesha kuwa sayari za karibu na jua, na dunia yetu mojawapo, nazo zina machafuko hayo. Ukikosea mahali dunia ilipo leo kwa mita 15 tu, huwezi kusema itakuwa wapi katika njia yake baada ya miaka milioni 100. Kwa hiyo kupatwa kwa jua na mvua si vitu vya namna mbili. Vyote vina upeo ambao nje yake hisabu hupofuka. Ila upeo wa sayari ni mamilioni ya miaka, na upeo wa hali ya hewa ya siku kwa siku ni yapata wiki 2. Ndiyo sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, husema zitakuwa za wastani, chini yake au juu yake, wala haisemi tarehe 14 itanyesha Mpui. Wapo wanaoicheka kwa hilo. Mimi naona huo ndio uaminifu: amepima, akataja na mpaka wa kipimo chake.

Mtu aweza kusema: sawa, kosa ni katika kupima. Tukipimiwa mwanzo kwa ukamilifu, bila kukosea hata chembe, je, hapo kesho haitafunguka? Hili ndilo swali la mwisho na gumu kuliko yote, na jibu lake lilianzia si kwa nzige wala kwa nyota, bali katika elimu ya kuhesabu kwa hatua, ile inayoitwa algorithimu kwa jina la Al-Khwarizmi, bingwa wa Baghdad wa karne ya tisa.

Mwaka 1936 Alan Turing wa Uingereza aliuliza: je, yaweza kupatikana njia moja ya hisabu ambayo, ukiipa mashine yoyote na maagizo yake, itakwambia bila ya kukosa kama mashine hiyo siku moja itasimama au itazunguka milele? Akathibitisha kuwa haiwezi kuwapo. Uthibitisho wake naufananisha hivi. Tuseme yupo mpiga ramli wa mashine asiyekosea kamwe. Basi mimi natengeneza mashine mkaidi: inamuuliza mpiga ramli habari zake yenyewe, akisema "itasimama," inazunguka milele, akisema "itazunguka," inasimama papo hapo. Lolote atakalosema juu yake litakuwa uongo. Kwa hiyo mpiga ramli asiyekosea hayupo, si kwa sababu hajazaliwa, bali kwa sababu hawezi kuwapo. Wasomaji waliosoma mantiki wataitambua mara moja njia hii ya hoja.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hayo ni mambo ya mashine tu. Mwaka 1990 Cristopher Moore wa Marekani alionyesha kuwa hata chembe moja iendayo kwa kanuni nyepesi za mwendo yaweza kupangiwa njia ambayo ndani yake hufanya kazi yote ya mashine ya Turing. Ukiuliza kama chembe hiyo itaingia mahali fulani au haitaingia kamwe, hakuna njia ya jumla ya kujibu, hata kama mwanzo wake waujua kwa ukamilifu. Mwaka 2021 Eva Miranda na wenzake wa Hispania walithibitisha jambo kama hilo kwa maji ya hisabu yanayotiririka bila msuguano: yawezekana kupanga mtiririko ambao hakuna hisabu ya kukwambia kama tone fulani litapita mahali fulani. Tofauti na machafuko ya Lorenz ni kubwa. Kule kipimo kizuri zaidi hukuongezea siku chache za kuona. Huku kipimo kikamilifu hakikuongezei kitu. Njia iliyobaki ni kungoja na kutazama hatua kwa hatua pamoja na hiyo chembe.

Chembe ya Moore na maji ya Miranda vilijengwa makusudi, na nzige wa Rukwa hawamo katika uthibitisho wao. Hata hivyo, lile wazo la Laplace, kwamba penye kanuni hapakosi jibu, lilivunjikia hapo. Na hili lina faida kwetu tuishio kwa shamba. Anayekuja kwako mwezi wa Oktoba na kukwambia kwa yakini kuwa mvua itajaa, kwa hiyo uza akiba yako yote ya mahindi, awe na ubao wa ramli au awe na kompyuta, amedai kile ambacho hata mwenye kanuni zote mkononi hana.

Sasa turudi kwa wale waliokwenda kutazama. Idara ya Abercorn ilirithiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na shirika la nchi za kanda hii lenye makao yake Ndola, Zambia, na kazi ikabaki ile ile: kupita kila mwaka katika maeneo ya mazalia, yaani Rukwa, Iku na Katavi, bonde la Malagarasi, Wembere, na mengine ya nchi jirani. Tangu 1944 balaa la namna ile halijarudi, ingawa nzige wenyewe wamejitokeza mara nyingi. Mwaka 2009 walionekana kwa wingi katika tambarare za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi. Hakuna aliyekuwa ameutaja mwaka huo miaka kumi kabla. Walionekana kwa sababu palikuwa na watu wa kuwaona, na kwa msaada wa FAO ndege zilinyunyiza kuvu anayeua nzige na jamii yake, asiye sumu kwa samaki na ndege, katika hekta zipatazo 10,000.

Kazi hiyo huwezekana kwa sababu moja ya maumbile ya mdudu mwenyewe. Nzige mwekundu akiisha kuota mbawa mwisho wa mvua hatagi upesi. Hukaa kiangazi chote katika nyasi, akisubiri mvua ya kwanza ya mwaka ujao. Kwa hiyo toka Mei, nyasi zinapoanza kukauka na magari yanapoweza kupita bondeni, mpaka Novemba, mtazamaji ana miezi kama sita ya kumtafuta mahali alipo.